Kanzidata za Umma Zitiwe Viraka kwa Wakati



Kwa miaka mingi kumbukumbu za ofisi zilikaa katika mafaili, na mafaili yalikaa masjala. Karani wa masjala aliyeijua kazi yake hakungoja mchwa wale nusu ya kabati ndipo apige dawa. Alikagua mara kwa mara. Rafu moja ilipohitaji kusafishwa, mafaili yake yalihamishiwa rafu ya pili, na mwananchi aliyefika dirishani kuulizia shauri lake alihudumiwa kama kawaida. Huo ulikuwa utumishi bora, ingawa haukuandikwa magazetini.

Leo kumbukumbu hizo zimehamia katika kompyuta. Orodha za mishahara, matokeo ya mitihani, vitambulisho vya taifa, leseni na stakabadhi za kodi zimo katika maghala ya taarifa yaitwayo kanzidata. Kompyuta inayolitunza ghala hilo na kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja huitwa seva. Mchwa wa masjala hii mpya hawaonekani kwa macho, na wakiingia hawali faili moja. Huweza kuchukua taarifa za mamilioni ya watu kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo inafaa suala la viraka vya usalama lizungumzwe waziwazi mbele ya watumishi na walimu, wala lisiachwe katika vyumba vya mafundi peke yao. Fundi ndiye anayetia kiraka, lakini ruhusa ya kusimamisha huduma hutolewa na mkuu wa idara, na anayeumia huduma ikiharibika ni mwananchi.

KIRAKA NI NINI

Kila programu ya kompyuta imeandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi kasoro. Baadhi ya kasoro ni za usumbufu tu. Nyingine ni matundu ambayo mwizi anaweza kupenyea. Tundu la namna hiyo likigunduliwa, watengenezaji wa programu huandika marekebisho na kuyatoa kwa watumiaji wote. Marekebisho hayo ndiyo kiraka.

Hapa pana jambo ambalo wakuu wengi wa ofisi hawalitambui. Siku kiraka kinapotangazwa, tundu nalo limetangazwa. Mhalifu mwenye ujuzi huichukua programu ya zamani na ile iliyorekebishwa, akazilinganisha mstari kwa mstari, akaona ni wapi palipobadilishwa. Hapo amekwisha kuonyeshwa mlango. Kwa hiyo tangu siku ya tangazo huanza mashindano ya mbio kati ya mlinzi na mwizi, na ofisi inayosema "tutaangalia mwezi ujao" imempa mwizi mwezi mzima wa kutangulia.

FUNZO LA MWAKA 2003

Mfano ulio wazi kupita yote kwa upande wa kanzidata ni ule wa Januari 25, 2003. Ilikuwa Jumamosi, yapata saa 2 na nusu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, pale programu haribifu iliyopewa jina la Slammer ilipoanza kuenea duniani. Ilishambulia kanzidata ya Microsoft iitwayo SQL Server 2000, pamoja na toleo lake dogo lililokuwa limefichwa ndani ya programu nyingine. Slammer ilikuwa na ukubwa wa baiti 376 tu, yaani ni fupi kuliko aya hii. Katika dakika yake ya kwanza idadi ya seva zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na katika muda wa dakika kumi zaidi ya asilimia 90 ya seva zote zilizokuwa na tundu lile zilikuwa zimekwisha kuambukizwa. Waliofanya uchunguzi walihesabu seva zisizopungua 75,000.

Slammer haikufuta taarifa wala haikuiba. Kila seva iliyoambukizwa ilitoa nakala za Slammer mfululizo, na wingi wa nakala hizo uliziba njia za mawasiliano. Hilo peke yake lilitosha kuleta maafa. Huko Marekani, wateja wa Bank of America walishindwa kuchukua fedha katika sehemu kubwa ya mashine zake 13,000. Shirika la ndege la Continental lilifuta na kuchelewesha safari. Katika kituo cha simu za dharura cha mji wa Bellevue, jimbo la Washington, watumishi walirudi kuandika kwa kalamu na karatasi. Katika mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse huko Ohio, ambao kwa bahati njema ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, vioo vya kuonyesha hali ya usalama vilikosa taarifa kwa muda wa karibu saa tano.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tarehe 24 Julai, 2002, miezi sita kamili kabla ya shambulio. Wapo ambao hawakukitia kwa uvivu. Lakini wengi walikuwa na sababu nyingine, na sababu hizo zinafaa kuchunguzwa kwa sababu bado zimo katika ofisi nyingi.

Ya kwanza, wengi hawakujua kwamba wana kanzidata ile. Iliingia pamoja na programu nyingine waliyoinunua kwa kazi nyingine, ikakaa kimya. Ya pili, kukitia kiraka hicho kulikuwa kazi ya mkono, yenye hatua za kubadilisha mafaili moja moja, na mafundi waliogopa kukosea. Ya tatu, seva zilikuwa kazini usiku na mchana, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuzisimamisha.

HOFU YA KUSIMAMISHA HUDUMA

Sababu hii ya tatu ndiyo kubwa. Katika ofisi nyingi fundi anayeomba saa moja ya kusimamisha mfumo huonekana mkorofi. Huambiwa kuna ripoti inayosubiriwa, au mishahara iko karibu, au mgeni anakuja. Mwezi unapita, kisha wa pili. Hatimaye huzuka usemi kwamba mashine ikifanya kazi isiguswe. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkuu anayeogopa dakika kumi za malalamiko leo anajiwekea wiki nzima ya maombolezo kesho.

Hesabu inaweza kusaidia kuondoa hofu hii. Mwaka una saa 8,760. Ofisi inayowaahidi wananchi kwamba mfumo wake utapatikana kwa asilimia 99.9 ya wakati, bado inayo ruhusa ya kuusimamisha kwa karibu saa 8 na dakika 46 katika mwaka mzima. Ikiahidi asilimia 99.99, inabaki na dakika 52 na nusu. Sasa kama kiraka kinatiwa mara nne kwa mwaka na kila mara huduma inasimama kwa dakika kumi, jumla ni dakika 40. Hata ahadi hiyo kali haijavunjwa. Aidha, kusimama kwa hiari ni tofauti kabisa na kusimamishwa. Anayesimama kwa hiari huchagua usiku wa manane, huwatangazia watu mapema, na huwa na mafundi wake tayari. Anayesimamishwa na mhalifu hachagui saa.

Tena, si lazima dakika kumi zote zipotee. Ufundi wa siku hizi umefikia mahali ambapo kusimama kunaweza kupunguzwa hadi sekunde chache, endapo kazi itafanywa kwa utaratibu.

UTARATIBU WA KAZI

Hatua ya kwanza ni orodha. Ofisi haiwezi kulinda isichokijua. Ni lazima iandikwe kila seva iko wapi, ina kanzidata gani, toleo lipi, na nani anayewajibika nayo. Funzo la Slammer ni kwamba orodha hiyo ihusu pia kanzidata ndogo zilizojificha ndani ya programu zilizonunuliwa. Vilevile ionyeshe ni milango ipi ya mawasiliano iliyo wazi kwa dunia nzima bila sababu. Mlango nambari 1434, ambao Slammer iliutumia, haukuhitajika kuwa wazi kwa umma katika ofisi nyingi. Hata hivyo kufunga mlango hakuondoi haja ya kiraka. Katika mtambo wa Davis-Besse shambulio lilipitia njia ya mkandarasi, nyuma ya ukuta wa ulinzi.

Hatua ya pili ni nakala ya akiba, na nakala hiyo iwe imejaribiwa. Tarehe 31 Januari, 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu, ilikuwa ikihangaika kurekebisha seva msaidizi ya kanzidata yake. Fundi aliyechoka, usiku, alitoa amri ya kufuta katika seva kuu akidhani yumo katika ile ya msaidizi. Gigabaiti zipatazo 300 zilitoweka. Walipokimbilia nakala za akiba waligundua kwamba utaratibu wa kila siku ulikuwa haufanyi kazi kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, na barua za kuarifu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kampuni iliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla kwa sababu nyingine kabisa. Kwa ushujaa wa kukiri, GitLab ilieleza kosa lake hadharani hatua kwa hatua, na dunia nzima ikajifunza. Funzo ni kwamba nakala ya akiba ambayo haijawahi kurudishwa na kufunguliwa ni matumaini tu.

Hatua ya tatu ni kusoma maelezo ya kiraka na kukijaribu katika seva ya mazoezi iliyofanana na ile ya kazi. Kusoma si mapambo. Mnamo Juni 2022 kanzidata ya PostgreSQL ilitoa toleo 14.4 kurekebisha kasoro iliyoweza kuharibu faharasa. Kiraka kile kilizuia uharibifu mpya, lakini hakikuzitengeneza faharasa zilizokwisha kuharibika; hizo zilipaswa kujengwa upya na fundi mwenyewe. Aliyetia kiraka bila kusoma alilala akidhani amepona.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha kupunguza muda wa kusimama. Badala ya seva moja, ofisi huwa na mbili au zaidi. Seva kuu hupokea kazi za wananchi, na kila mabadiliko yanayoandikwa humo hutumwa papo hapo kwa seva msaidizi. Siku ya kiraka, fundi huanza na msaidizi. Anamsimamisha, anamtia kiraka, anamwasha, anamkagua. Wananchi hawajui lolote kwa maana seva kuu ingali kazini. Msaidizi akishathibitika kuwa mzima na amepokea mabadiliko yote bila kubaki nyuma hata kidogo, zamu hubadilishwa: msaidizi anakuwa mkuu, na aliyekuwa mkuu anapumzishwa ili naye atiwe kiraka. Kusimama kwa huduma ni kule kubadilishana zamu tu, nako mara nyingi ni suala la sekunde. Ni ile kazi ya karani wa masjala ya kuhamisha mafaili rafu hadi rafu, iliyofanywa kwa umeme.

Hata sekunde hizo zinaweza kufichwa. Mbele ya kanzidata huwekwa programu ndogo inayopokea maombi na kuyapanga foleni. Wakati wa kubadilishana zamu hiyo huyashikilia maombi, kisha huyaachia seva mpya ikiwa tayari. Mwananchi aliye dirishani huona jibu limechelewa kidogo, basi, hakufukuzwa.

Lakini kubadilishana zamu kuna hatari yake. Tarehe 21 Oktoba, 2018, mawasiliano kati ya vituo viwili vya kampuni ya GitHub huko Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Mitambo ya kujiongoza yenyewe ikaona kwamba seva kuu zimepotea, ikateua wakuu wapya upande wa pili wa nchi. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo upande mwingine hauna. Ilichukua saa 24 na dakika 11 kuyapatanisha na kurudisha huduma sawasawa. Nyumba haiwezi kuwa na wakuu wawili wanaotia sahihi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla ya msaidizi kupandishwa cheo, ni lazima ihakikishwe kwamba mkuu wa zamani ameacha kuandika kabisa.

Hatua ya tano ni kwenda kwa mafungu. Tarehe 19 Julai, 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza marekebisho yenye kasoro kwa wateja wake wote kwa pamoja. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilianguka, na viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi vikakwama. Marekebisho hayo yalihusu programu ya ulinzi, hayakuwa ya kanzidata, lakini somo ni lile lile: marekebisho yaanze kwa seva moja, yakaguliwe, ndipo yaendelee kwa nyingine. Na kabla ya kuanza, njia ya kurudi nyuma iwe imeandikwa, pamoja na saa ambayo ikifika kazi haijakamilika, fundi ataacha na kurudisha hali ya awali bila kubishana.

OFISI NDOGO NA DHARURA

Itasemwa kwamba ofisi ya seva moja haina msaidizi wa kupokezana naye zamu. Ni kweli. Lakini nayo haina udhuru. Katika kanzidata ya PostgreSQL, kwa mfano, marekebisho madogo ya usalama hayagusi muundo wa taarifa zilizohifadhiwa. Kwa kawaida fundi huweka programu mpya, husimamisha na kuwasha upya, na taarifa hubaki mahali pake. Akiiagiza kanzidata iandike kwenye diski mabadiliko yote yaliyo katika kumbukumbu kabla ya kuizima, hata kule kuzima hupungua muda. Kinachohitajika ni tangazo la siku tatu kabla, usiku mmoja, nakala ya akiba, na mtu wa kukagua.

Ipo pia dharura isiyongoja ratiba. Mnamo Aprili 4, 2013, PostgreSQL ilitoa kiraka cha tundu ambalo lingemwezesha mtu asiye na nywila kuharibu mafaili ya kanzidata kwa kutuma tu ombi la kuunganishwa lenye jina lililoanza na kistari. Uzito wa jambo lile ulikuwa mkubwa hata watengenezaji waliamua kutangaza siku kadhaa mapema kwamba kiraka kinakuja, bila kusema tundu liko wapi, ili ofisi zijiandae. Waliokuwa na utaratibu walitia kiraka siku ile ile. Wasiokuwa nao walianza kutafuta nani ana funguo.

RATIBA NA WAJIBU

Nje ya dharura, viraka vingi havimjii mtu kwa kushtukiza. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Oracle huvitoa Januari, Aprili, Julai na Oktoba. PostgreSQL hulenga Alhamisi ya pili ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Ofisi inaweza kuziweka tarehe hizi katika kalenda ya mwaka, kando ya siku za mishahara na siku za kutangaza matokeo ya mitihani, ikachagua nafasi zisizogongana. Kwa kufanya hivyo fundi hatakuwa tena mwombaji wa fadhila kila mara. Atakuwa mtekelezaji wa ratiba iliyokwisha kutiwa sahihi.

Hapo ndipo wajibu unapogawanyika. Fundi ana wajibu wa kusoma, kujaribu na kusema kweli, hata pale anapokosea. Mkuu wa idara ana wajibu wa kutoa saa ya kazi hiyo. Na akiikataa, aikatae kwa maandishi, ataje tarehe nyingine, na achukue mwenyewe dhamana ya kuchelewa. Kukataa kwa mdomo, kisha kumlaumu fundi siku ya maafa, ni kukwepa uongozi. Mwalimu na mtumishi wa dirishani wana wajibu wa kuwaeleza wananchi kwa nini huduma itasimama usiku wa Jumamosi, ili kusimama huko kusichukuliwe kuwa uzembe, kwa maana ni kinyume chake.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za vidole na mshahara wa mtu si mali ya seva wala ya ofisi. Ni amana. Mwananchi aliyeombwa atoe alama za vidole vyake hakupewa nafasi ya kuchagua fundi wala kukagua seva. Alitoa kwa kuamini.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo kila mwalimu ameifundisha na kila mtumishi ameikariri. Watu wa mwaka 2003 walikuwa na miezi sita ya kuziba ufa, na ukuta ukaanguka kwa dakika kumi. Ofisi zenye seva leo hazitapewa muda mrefu zaidi ya huo. Kila mkuu wa idara arejeapo ofisini, na amwite fundi wake amuulize maswali matatu: kiraka cha mwisho kilitiwa lini, nakala ya akiba ilijaribiwa lini, na kiraka kijacho kimepangiwa usiku gani. Majibu yakiwa ni tarehe, kazi inafanyika. Majibu yakiwa ni maelezo marefu, basi kazi ianze siku hiyo hiyo.